Kanga Isiyomnyooshea Mtu Kidole

Hotuba kwa wahitimu wa ushonaji na ubunifu wa mavazi, Tanga, katika wiki ya Siku ya UKIMWI Duniani

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wa chuo, wazazi na walezi, na nyinyi wahitimu mlioketi hapa mbele mkiwa mmevaa sare mliyoikata na kuishona wenyewe: asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Walimu wenu waliponiomba nizungumze nanyi wiki hii, nilidhani wamekosea mtu, kwa maana mimi si daktari wala mshauri nasaha. Ni fundi cherehani niliyekaa nyuma ya mashine kwa miaka 24. Baadaye niliona kwamba hawakukosea. Fundi humzungushia mtu tepu kifuani, kiunoni na nyongani, huandika vipimo vyake kwenye daftari, na mtu huyo akirudi baada ya miezi sita humpima tena. Mara nyingi sisi huuona mwili ukipungua kabla mwenyewe hajakubali kwamba unapungua.

Katika mwaka wangu wa sita wa kazi nilikuwa na mteja, mama wa watoto wawili, aliyeniletea gauni moja mara tatu ili nilipunguze. Mara ya kwanza aliniambia ni kazi nyingi. Mara ya pili aliniambia ni mfungo. Mara ya tatu hakuniambia neno, nami sikumwuliza. Nilitia pini, nikatoa risiti, nikamwambia aje Ijumaa. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa zimekwisha kuanza kutolewa bure nchini tangu 2004, na kliniki haikuwa mbali na kibanda changu. Nilijua hayo yote. Sikuwa na maneno ya kumwambia mwanamke mzima jambo kama lile bila kumvunjia heshima, na kwa kuwa sikuwa nayo nilinyamaza. Hakuja Ijumaa. Gauni lile lilikaa kwenye hanga hadi mdogo wake alipokuja kulichukua pamoja na nguo nyingine za marehemu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja, na ndilo nililokuja nalo leo: nguo ikitaka kumpa mwanamke habari za VVU, imwambie kwa maneno gani, na nani anayestahili kuyachagua maneno hayo?

Nianze na nguo iliyobeba lawama. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, miaka michache baada ya vita na Uganda, wakati bidhaa za madukani zilipokuwa haba na magendo ya mpakani yalipokuwa yameshamiri. Miongoni mwa vitu vilivyovuka mpaka kilikuwamo kitambaa kilichopendwa sana, kikiitwa Juliana. Simulizi iliyoenea vijijini ilisema kwamba wafanyabiashara walikuwa wakiwapa wasichana kitambaa hicho ili walale nao, na wasichana hao walipoanza kudhoofika na kufa, watu waliuita ugonjwa wenyewe Juliana. Naomba mlitafakari jina hilo kama watu wa vitambaa. Mfanyabiashara aliyekuja na mzigo hakupewa jina, na uhaba uliomfanya msichana aone kipande cha nguo kuwa ni mali kubwa haukupewa jina pia. Kilichobaki midomoni mwa watu ni nguo iliyopendeza na jina la kike. Hivyo ndivyo mavazi yalivyoingia katika historia ya ugonjwa huu hapa kwetu, kama ushahidi dhidi ya msichana aliyependa kuvaa vizuri, na bado tunayasikia hayo leo kila msichana anapoonekana na viatu vipya.

Lawama hiyo ina madhara yanayohesabika. Utafiti wa kitaifa uliofanyika 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba miongoni mwa Watanzania wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, wanawake 5.6 katika kila 100 wanaishi na VVU, wakati kwa wanaume ni 3.0. Maumbile yanachangia, maana mwili wa mwanamke hupokea virusi kwa urahisi zaidi katika tendo la ndoa. Lakini pia kuna wasichana wanaokuwa na wanaume wenye umri mkubwa kuliko wao na uwezo mkubwa kuliko wao, na katika uhusiano wa namna hiyo anayenunua nguo ndiye anayeamua kama kondomu itavaliwa. Ndiyo maana nawaambia wahitimu kwamba cherehani yenu yenyewe ni kinga, kabla hata hamjachapa ujumbe wowote kwenye kitambaa chochote.

Ng'ambo ya bahari hali haipishani sana na yetu. Nchini Marekani wanawake weusi ni takriban 13 katika kila wanawake 100, lakini kwa miaka mingi wamekuwa zaidi ya nusu ya wanawake wote waliokuwa wakigundulika kuwa na maambukizi mapya. Ulimwengu wa mitindo ulioijua habari hii kwa uchungu ulichelewa kuisema. Willi Smith, mbunifu mweusi aliyewashonea watu wa kawaida nguo za kila siku, alifariki 1987 kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI. Patrick Kelly, kijana mweusi wa Mississippi aliyefika hadi Paris na kukubaliwa katika chama cha wabunifu wakubwa wa huko, alifuata tarehe 1 Januari 1990, na wakati ule sababu halisi ya kifo chake haikutajwa hadharani. Kama watu waliokuwa na majukwaa na kamera hawakuweza kusema, mwanamke wa mtaani angeanzia wapi?

Mmoja alianza. Rae Lewis-Thornton wa Chicago aligundua kuwa ana virusi mwaka 1987 baada ya kuchangia damu, na Desemba 1994 alikubali kutokea kwenye jalada la Essence, jarida linalosomwa na wanawake weusi wa Marekani. Kwa jicho la fundi, jambo kubwa katika jalada lile ni kwamba alivaa na kujipamba kama mwanamke mwingine yeyote aliyewahi kukaa pale. Picha za UKIMWI za miaka ile zilikuwa za mtu aliyekonda, amelala kitandani, macho yameingia ndani. Msomaji aliyeshika jarida lile saluni akisubiri nywele zikauke alimwona mwanamke msomi, mrembo, aliyefanana na dada yake, akaambiwa kwamba huyu ndiye. Vazi zuri lilifanya kazi ambayo bango la fuvu la kichwa halikuweza kuifanya, kwa kuwa mtu hukimbia fuvu lakini humtazama dada yake mara mbili.

Kuna mengine mengi yaliyofanywa kwa mavazi na vipodozi, nami nitayapitia kwa haraka. Utepe mwekundu ulibuniwa na wasanii wa New York mwaka 1991. Kampuni ya vipodozi ya MAC ilianza 1994 kuuza rangi ya mdomo ambayo bei yake yote ilikwenda kwenye mapambano dhidi ya UKIMWI. Mwaka 2014 wabunifu 22 wenye majina makubwa duniani walitoa mavazi ya mama na mtoto yaliyotokana na michoro ya Wangechi Mutu, msanii aliyezaliwa Nairobi, kwa lengo la kukomesha maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto barani Afrika. Nayaheshimu yote hayo, kwa sababu fedha zilipatikana na fedha hununua dawa. Hata hivyo nguo zile zilikatwa kwa ajili ya mnunuzi mwenye kadi ya benki aliye mbali, na mwanamke ambaye habari zake zilisimuliwa hakuzivaa.

Afrika Kusini ndiko nilikojifunza zaidi. Katika vijiji vya KwaZulu-Natal, mila ya heshima iitwayo hlonipha humzuia mwanamke kutamka mambo ya kitandani, hasa mbele ya wakwe na wanaume. Lakini wanawake hao hao wana desturi ya miaka mingi ya kutunga shanga kuwa barua: msichana humpelekea mpenzi wake kipande cha shanga, na rangi zake husomeka. Kuanzia 1996 mradi wa Siyazama, jina lenye maana ya "tunajaribu", uliwakutanisha watungaji shanga hao na wahudumu wa afya. Walipokwisha kuelezwa juu ya virusi, wao wenyewe walitunga wanasesere na pambo za shanga zilizoeleza waliyoyaona majumbani mwao: mama mgonjwa, mume aliyerudi kutoka mjini, kaburi, bibi anayelea wajukuu. Mikono ilisema jambo ambalo mdomo ulikatazwa, mila haikuvunjwa, na mwanamke alipata fedha za kuuza kazi yake.

Jambo la pili la huko ni zito zaidi. Desemba 1998 Gugu Dlamini, mama kijana wa KwaMashu karibu na Durban, aliuawa kwa kipigo na watu wa mtaa wake mwenyewe, siku chache baada ya kutangaza Siku ya UKIMWI Duniani kwamba anaishi na virusi. Mwezi huo huo ilianzishwa Treatment Action Campaign, harakati ya kudai dawa, na muda mfupi baadaye wanachama wake walianza kuvaa fulana zenye maandishi makubwa kifuani yakisema kwamba aliyeivaa ana VVU. Fulana hiyo waliivaa wote. Waliokuwa na virusi waliivaa, wasiokuwa navyo waliivaa, madaktari waliivaa, na Desemba 2002 Nelson Mandela aliivaa alipokwenda Khayelitsha. Aliyetaka kumtambua mgonjwa ili ampige jiwe hakuweza tena kumtambua.

Sisi watu wa Pwani tunalielewa jambo hilo bila kufundishwa, kwa sababu tunalo neno lake: sare. Kwenye harusi, kwenye arobaini, kwenye kitchen party, akina mama 50 wakivaa kitambaa kimoja huwezi kujua nani amekopa na nani amenunua taslimu. Sare humficha kila mtu ndani ya wenzake, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye siri ya vazi linaloweza kumsaidia mwanamke mwenye VVU.

Sasa nije kwenye kanga, ambayo kwetu ni nguo na pia ni maneno. Nyote mmefundishwa sehemu zake: pindo, mji, na jina. Tangu kina Abdulla wa Mombasa walipofungua duka lao 1887 hadi viwanda vya leo, hakuna mwanamke anayenunua doti bila kusoma jina, kwa sababu anajua kwamba jirani atalisoma. Kanga humpongeza mzazi, humbembeleza mume, humshukuru mama. Vile vile humpiga mtu kofi bila mkono kuinuliwa. Mke mwenza hutumiwa kanga, wifi huvaliwa kanga, na mtaa mzima huelewa fumbo ni la nani.

Basi miaka kadhaa iliyopita zilifika mtaani kwetu kanga za kampeni zilizogawiwa bure, na jina lake lilikuwa onyo dhidi ya UKIMWI, limeandikwa kwa amri. Nia ilikuwa njema kabisa. Haikupita wiki, mwanamke mmoja aliingia kibandani kwangu na kanga hiyo ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko wa rambo. Wifi yake alikuwa amemletea mbele ya wageni, akamkabidhi kwa mikono miwili huku akitabasamu. Aliniambia, "Fundi, nikatie hili jina ulitupe, kilichobaki nishonee foronya." Nililikata. Mwaka ule nilishona foronya nyingi za namna hiyo.

Waandishi wa onyo lile hawakufahamu, au walisahau, kwamba kwenye kanga nafsi ya pili ni silaha. Ukiandika "jihadhari", "acha", "tulia", umetengeneza kofi, na atakayelipokea ni yule yule tuliyetaka kumsaidia. Kanga inayomficha mwanamke huzungumza kwa nafsi ya kwanza: mimi nimefanya, sisi tunafanya. Aliyeivaa hapo hamsemi mtu, anajisema mwenyewe, na anayemtazama hawezi kujua kama anasema kweli ya maisha yake au amependa tu maneno.

Mwaka jana nilikwenda kukaa na akina mama wa konga moja, yaani baraza la watu wanaoishi na VVU, nikawaomba watunge majina. Nilikwenda na michoro yangu, na katika mji wa kanga nilikuwa nimechora utepe mwekundu nikiona fahari. Mama mmoja aliutazama akanirudishia. Alisema kwamba hawezi kuanika kambani nguo itakayomtangaza kwa mwenye nyumba. Utepe ukatoka, ikaingia korosho, ambayo bibi zetu wote wameivaa. Maneno walibishana juu yake kwa siku mbili. Wengine walitaka lililo wazi, wengine walitaka fumbo. Lililoshinda ni hili: *Nameza dawa yangu, niwalee wanangu.* La pili lilikuwa *Nimepima nimejua, moyo wangu umetua*, nami naliona ni zuri kwa msichana ambaye hajaolewa.

Mtaona kwamba majina yote mawili yana habari njema ndani yake. Hawakuchagua hivyo kwa kujifariji. Habari za VVU zimebadilika sana, na vitambaa vyetu vingi bado vinasema ya 1990. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofuatilia jozi 1,763 za wenza, mmoja ana virusi na mwenzake hana, katika nchi 9, Kenya ikiwemo. Yule mwenye virusi alipoanza dawa mapema, hatari ya kumwambukiza mwenzake ilipungua kwa asilimia 96. Tafiti zilizofuata zimethibitisha kwamba mtu anayemeza dawa vizuri hadi kipimo kisivione virusi katika damu yake hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Mama mwenye VVU asiyepata dawa anaweza kumwambukiza mtoto kwa kiwango cha 15 hadi 45 katika kila 100. Akipata dawa kwa wakati, kiwango hushuka chini ya 5. Na mwaka 2024, wasichana na wanawake vijana 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda wasio na virusi walipewa sindano ya kinga iitwayo lenakapaviri, mara 2 kwa mwaka, na hakuna hata mmoja wao aliyeambukizwa. Fikirieni kwamba mama zetu huingia wodi ya wazazi wakiwa na doti mpya ya kumpokelea mtoto. Ningependa kanga ya kwanza inayomgusa mtoto yule iwe na maneno ya mama aliyemeza dawa yake.

Nina jambo la kiufundi pia, ambalo akina mama wa konga ndio walionifundisha. Kopo la vidonge lina kelele. Mwanamke akiwa nalo kwenye mkoba ndani ya daladala, kila tuta likipitwa vidonge hulia, na wapo wanaovitoa kwenye kopo na kuvifunga kwenye pamba au karatasi ili visisikike, vikaharibika kwa unyevu na jasho. Tumebuni mfuko wa ndani wa mkoba, wenye sponji nyembamba katikati ya vitambaa viwili, zipu ya inchi 5, na umbo la kibeti cha vipodozi; kopo hukaa humo na halisikiki. Vipande vinavyobaki mkikata magauni vinatosha kuushona. Mtakapofungua vibanda vyenu ushoneni ndani ya kila mkoba mnaoutengeneza, kwa kila mteja, bila kuuliza ni nani anayeuhitaji. Atakayeuhitaji atautumia, na mwingine ataweka wanja.

Kibandani mtasikia mengi. Mwanamke akivua nguo ili apimwe huvua na maneno. Asiyeweza kutunza siri asifungue kibanda. Kipimo cha kiuno kikipungua inchi 3 kwa miezi michache, msifanye kama nilivyofanya mimi, wala msihukumu. Mwambieni tu kwamba nanyi mmepima, mtajieni kliniki mliyokwenda na siku ambazo foleni huwa fupi. Tangu sheria iliporekebishwa 2019, mwenye umri wa miaka 15 anaweza kupima bila ridhaa ya mzazi, na mtu anaweza kujipima mwenyewe, kwa hiyo wengi wenu hamna haja ya kungoja ruhusa ili maneno hayo yawe ya kweli mnapoyasema.

Kanga za konga zimefika kutoka kiwandani. Doti zake ziko kwenye meza ile ya nyuma, na walimu wamekubali kwamba zitakuwa sare ya mahafali ya mwaka huu, kwa wahitimu, kwa wazazi na kwa wageni. Akina mama waliotunga majina yale wapo humu ukumbini, wamekaa katikati yenu tangu asubuhi. Sitawaomba wasimame, kwa kuwa nimewaahidi hivyo. Njooni mchukue safu kwa safu, tukianza na waliokaa karibu na mlango.